Usingizi wa Mlinzi

Mkanda wenyewe ni mwepesi, mweusi, wa mpira, kama saa isiyo na uso. Muuguzi alimfungia Baba kwenye mkono wa kushoto, ule unaotetemeka zaidi, akatueleza kwamba auvae kila akienda kulala, na sisi tulio naye nyumbani tumtazame: anaamka mara ngapi, anageuka vipi kitandani, mchana anasinzia wakati gani. Kisha akamgeukia Mama na kumuuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza kama mzee anakula vizuri, "Na usiku anarusha mikono? Anapiga kelele na mateke kama mtu anapigana?"

Mama akatazama sakafu. Baba akanitazama mimi.

"Msione haya," muuguzi akasema. "Ni kawaida kwa watu wenye Parkinson. Mimi na wewe tukiota, mwili unalala. Wao mwili unakataa kulala. Akiota anakimbia, miguu inakimbia. Akiota anapigana, mkono unapiga aliye karibu. Na hii ya usiku inaweza kutangulia miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Wengi huota wamevamiwa. Wanatetea watu wao."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja bei ya sukari, kisha akaendelea kutuonyesha jinsi ya kuchaji ule mkanda. Mimi sikusikia mengine. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti cha Baba, na katika pua yangu, ndani ya chumba cha hospitali kilichonuka dawa ya sakafu, ikaja harufu ya vumbi la ngano na mafuta ya taa. Ilikuwa harufu ya kabuti la babu yangu.

Babu alikuwa mlinzi wa usiku. Miaka yake yote ya nguvu alilinda ghala la ngano hapa Eldoret, kwanza enzi za wazungu, kisha enzi za watu walionunua kutoka kwa wazungu. Alikuwa na rungu, tochi na kabuti zito lililofika chini ya magoti, na baridi ya huku mnaijua: ukiliacha shuka nje usiku, asubuhi unalikuta limekakamaa. Jioni aliondoka Dani akiwa anasonga ugali. Alfajiri alirudi Dani akiwa anafunga leso aende shambani kwa watu. Walilea watoto sita kwenye kitanda kimoja ambacho hawakuwahi kukilalia pamoja. Mmoja alitoka, mwingine akaingia kwenye joto lililobaki.

Nasema Dani kwa sababu ndivyo sisi watu wa ziwani tunavyomwita nyanya. Jina lake la ubatizo sikulijua hadi siku ya mazishi yake. Babu alimwita Nyaseme, yaani binti wa Seme, kwa maana kwetu mke huitwa kwa upande alikotoka, ili asisahau kwao na mume asisahau kwamba alimtoa mahali.

Babu alipostaafu, Baba alikuwa ameshanunua kipande cha shamba kwenye barabara ya kwenda Plateau, akawajengea nyumba ya udongo na mabati, vyumba viwili na ghala dogo la mahindi uani. Baba na Mama walibaki mjini kwenye nyumba za kiwanda cha nguo alikofanya kazi Baba. Mimi nikapelekwa kwa Dani, kwa maana mtoto wa kike kwetu hukulia kwa nyanya yake, na pia kwa maana nyumba ya kiwanda ilikuwa imejaa wadogo zangu. Nililala kwenye kitanda changu cha kamba, ng'ambo ya pazia, chumba kimoja na wazee wangu. Nilikuwa wa umri wa kunywa maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, na kujiona nimekua.

Basi fikiria wazee wawili wenye wajukuu kumi na kitu, ndiyo kwanza wanalala pamoja. Babu akipanda kitandani Dani alimwambia, "Hee, umekuja? Na ghala umeachia nani?"

"Nimeachia panya."

"Na kwangu umekuja kulinda nini?"

"Wewe."

Halafu wangecheka gizani, kicheko cha kujizuia kwa sababu yangu, na mimi ng'ambo ya pazia ningevuta blanketi hadi kichwani nikicheka nao bila kujua ninachekea nini. Waliongea hadi koroboi ilipozimika yenyewe. Dani alimpa habari zote za miaka ambayo alikuwa amelala mchana. Sijaona ndoa changa zaidi ya ile, na nimehudhuria harusi nyingi.

Kisha ikaja usiku ambao niliamshwa na kishindo, na Dani akilia, "Uwi!" Nikachungulia kando ya pazia. Koroboi ilikuwa bado inawaka kidogo. Babu alikuwa amepiga magoti kitandani, ngumi juu, anapiga. Alimpiga Dani begani, akampiga usoni, akapiga mto. Dani alimshika mikono akimwita kwa jina la ujana wake. Ghafla Babu akatulia, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa stesheni asiyoijua, akauliza, "Kuna nini?"

Asubuhi jicho la Dani lilikuwa limevimba. Mama mmoja jirani alipouliza kisimani, Dani akamjibu, "Ni ng'ombe amenigonga nikikamua." Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kukamua. Yule mama alijua, na alitikisa kichwa kwa huruma, na wote wawili wakaendelea kuchota maji.

Uongo ule ulinikaa kooni. Lazima niwaeleze sisi tulikuwa watu gani. Babu na Dani walikuwa wameokoka, na si kuokoka kwa leo kwa kipaza sauti. Wao walikuwa wa ushirika wa wale ndugu waliokutana Jumapili alasiri nyumbani kwa mtu, wakaketi kwa mviringo, na kila mmoja akasimama akasema dhambi zake za wiki mbele ya wote. Waliita kutembea nuruni. Mtu alikiri kwamba alikasirika na mkewe, mwingine kwamba alipima sukari pungufu, mwingine kwamba alimwonea ndugu wivu kwa sababu ya redio. Wengine wangetikisa vichwa, wangeimba, na mtu huyo angekaa akiwa mwepesi. Huko nje ilikuwa miaka ya kunyamaza. Watu waliangalia nyuma kabla ya kutaja jina la mkubwa, na Baba mwenyewe alituambia kila siku kwamba kuta zina masikio. Lakini kwa Mzee Elija, mwenye duka, ambaye nyumbani kwake ndiko tulikokutana, kusema ndiko kulikuwa wokovu na kuficha ndiko kulikuwa kifo. Mtoto hukaa na maneno mawili kama hayo bila kuyapatanisha. Mimi nilichagua la Mzee Elija, kwa maana alikuwa na sauti nzuri na biskuti.

Jumapili hiyo Dani alifunga kitambaa chini, karibu kifunike jicho. Ndugu wakashuhudia mmoja mmoja. Babu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo, alikaa kimya. Dani alikaa kimya. Nikangoja waseme, maana wakubwa ndio waliotufundisha. Nilipoona wimbo wa kufunga unakaribia, moyo ukaanza kunidunda, na nilikuwa nimefundishwa kwamba moyo ukidunda hivyo ni Roho anagonga. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe," wakajibu wakitabasamu. Watoto walipendwa.

"Mimi nataka kutembea nuruni. Babu anampiga Dani usiku."

Nakumbuka kuku aliyepita katikati ya mviringo, akitembea taratibu, na hakuna mtu aliyemfukuza. Babu akainuka. Alikuwa mtu mrefu, na mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika kitabu cha nyimbo, ulianza kutetemeka hadi kurasa zikapiga kelele. Mimi nikautazama ule mkono nikajiambia: huyo ndiye. Mwenye dhambi hutetemeka. Sikuwa nimewahi kuona mkono wake ukifanya vile, au niliona na sikujali, na sasa niliuona kuwa ushahidi. Hata sasa nikimtazama Baba akinyanyua kikombe, ile furaha yangu ya siku hiyo, ya kumnasa mwenye dhambi, hunirudia, na huwa nataka kutoka chumbani.

"Mimi sikumbuki kumpiga mke wangu," Babu alisema. "Nikilala nalala, nikiamka nakuta analia. Lakini mtoto hawezi kutunga kitu kama hiki. Kama mkono wangu unafanya dhambi nikiwa nimelala, basi ndani yangu kuna giza ambalo sijawahi kulileta hapa. Ndugu zangu, niombeeni."

Dani aliruka kama aliyekalia siafu. "Giza gani? Mtu amelala! Mtu amelala anatubu nini?"

"Mama, tulia," akasema Mzee Elija, kwa upole. "Wake wengi huficha waume zao. Sisi tunajua unampenda."

"Sifichi kitu. Nasema amelala."

"Na ng'ombe?" akauliza yule mama wa kisimani.

Uongo mdogo wa Dani wa kumlinda mumewe ndio uliomfunga mdomo, na aliyemwaga ukweli ni mimi. Wakaamua Babu aache kuongoza nyimbo hadi avunjike kabisa, yaani moyo wake unyenyekee na kutubu. Na kwa kuwa yeye hakumbuki na mkewe hawezi kuaminika, atazamwe. Nani yuko chumbani? Wote wakanigeukia.

"Wewe utakuwa macho yetu," Mzee Elija akaniambia, akanishika kichwa. "Kila Jumapili utasema ulichoona. Si kuongeza, si kupunguza. Sawa, mamangu?"

"Sawa."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa.

Babu hakunikaripia. Mngejua jinsi ambavyo ningependa kusema alinikaripia! Usiku huo alirarua utepe kwenye leso kuukuu ya Dani, akaniita nivuke pazia. "Kuja unifunge huu mkono," akasema, akiuegemeza kwenye mbao ya kitanda. "Mimi vidole havishiki vizuri siku hizi."

Nikafunga.

"Kaza."

"Nimekaza, Babu."

"Kaza kama unafunga mwizi."

Nikakaza. Dani alikuwa amegeukia ukutani, na hakusema lolote kuhusu ghala na panya. Toka siku hiyo hakukuwa tena na mazungumzo gizani. Mimi ng'ambo ya pazia nilijifinya nisilale, nikipambana na usingizi kama askari, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kumfungua Babu. Utepe ulimwachia alama mkononi. Aliisugua na kunishukuru, kila siku, "Asante, nyathina," mwanangu, na mimi nikaona ni haki yangu.

Kutazama kwangu kulikuwa kwa kweli, hilo nalisema. Nilijua usingizi wa Babu kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Mwanzo alilala kimya kama gogo. Baadaye, jogoo wa kwanza anakaribia, miguu ilianza kucheza chini ya blanketi kama ya mbwa anayeota. Kisha midomo. Alinong'ona, sauti ikapanda, na maneno yakaja, si mengi, karibu yale yale kila mara. Halafu ndipo mkono ulipokuja. Dani alikuwa mtu wa usingizi mzito, wa mtu aliyelima maisha yake yote, na aliamka mkono ukishafika. Maneno hakuyasikia. Niliyasikia mimi tu.

Jumapili nikasimama. "Hii wiki amepiga. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, akapiga na wa kushoto." Jumapili nyingine: "Amepiga ukuta, na amempiga Dani teke." Mzee Elija alikuwa akiniuliza swali lile lile, "Umeona nini?" na mimi nikawa nikijibu nilichoona. Yale maneno sikuyapeleka. Hakuna aliyeyauliza, na mimi niliyahesabu kuwa upuuzi, maana maneno ya usingizini hayana mwenyewe. Watoto wote tunajua mtu akiweweseka huchekwa tu, asubuhi yakaisha. Kipigo kilikuwa dhambi. Maneno yalikuwa makelele ya kabla ya dhambi.

Wakati huo ndugu walikuwa wameanza kusema kwamba kama Babu hajavunjika, basi mke alindwe, walale mbalimbali. Walimpa Babu wiki moja zaidi. Dani alilijua hilo kuliko mimi. Jumamosi mchana tulikuwa jikoni tukichambua maharagwe kwenye ungo, yeye anatoa mawe, mimi natoa yaliyooza. Akaniambia bila kuinua macho.

"Nyathina, kesho wakikuuliza, si utawaambia hii wiki hakuna kitu?"

"Lakini Dani, kulikuwa. Juzi alipiga."

"Alipiga ukuta. Kwani ukuta umelia?"

"Dani, huo ni uongo."

"Ni kadogo."

"Kwa Mungu hakuna kadogo na kakubwa." Ndivyo tulivyofundishwa, na nililisema vizuri, bila kukosea.

Dani aliacha mkono wake juu ya maharagwe. "Mimi nimelala na ubaridi wa nafasi ya huyu mzee miaka yote," akasema. "Sasa ndiyo amekuja. Mimi siumii. Hata kama naumia, ni mimi. Niachie."

Mwanamke mzima, aliyezaa baba yangu, alikuwa akiniomba. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na lile jicho lililopigwa lilikuwa bado na rangi ya njano pembeni. Na mimi, mtoto wa kunywa maziwa ya shule, nilimwonea huruma kwa sababu hakuwa ameokoka vizuri kama mimi. Nikamwambia nitamwombea.

"Sawa," Dani akasema. Akaendelea kutoa mawe.

Kesho yake nikasema ukweli.

Baba aliitwa kutoka mjini aje atekeleze. Alikuja na baiskeli, akiwa bado na pamba ya kiwandani kwenye nywele, na nikamwona anazunguka nyumba bila kuingia. Kwetu mwana wa kiume akishakuwa mtu mzima haingii chumba wanacholala wazazi wake, sembuse kushika matandiko yao. Ni jambo zito, linaloweza kumfuata mtu na watoto wake. Kwa hiyo Baba alisimama nje ya mlango, ameupa mgongo, akaniambia mimi, "Ingia utoe vitu vya Mzee."

Nikaingia. Nikatoa blanketi lake la kijivu. Nikatoa mto. Dani alikuwa amekaa upande wake wa kitanda na hakunizuia, ila nilipofika kwa kabuti lililokuwa limetandikwa juu kuzuia baridi, alilishika kwa upande mmoja. Nikavuta. Akaliachia. Nikalipeleka uani kwenye ghala la mahindi, ambako Baba alikuwa ametengeneza kitanda cha mbao juu ya magunia, na Babu akaingia humo akiinamisha kichwa. Aliuona ule ukuta wa mabati, akayaona magunia, akacheka kidogo. "Nimerudi kazini," akasema. Baba hakucheka. Alipanda baiskeli bila kunywa chai.

Jioni za kwanza Dani alipeleka kigoda mlangoni pa ghala, akakaa hadi baridi ilipomfukuza. Kabla ya kuondoka aliuliza kupitia mabati, "Ghala umeachia nani?" na yeye akajibu, "Niko mwenyewe." Baadaye sauti ya Babu ilipungua, ikawa kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya kisima, na uso wake ukakauka usionyeshe kicheko wala hasira. Alianza kutembea kwa hatua ndogo ndogo. Mkono ukatetemeka bila kitabu cha nyimbo. Walimpeleka hospitali ya misheni hapo Plateau, na huko wakatambua haraka kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka, wakampa vidonge, wakauliza kuhusu kula, kutembea na kufunga vifungo. Mimi nilikuwepo, nilibeba chupa ya uji. Hakuna aliyesema neno kuhusu usiku. Mambo ya usiku yalikuwa ya ushirika, hayakuwa ya hospitali.

Ushirika ulisema amevunjika sasa, maana aliongea kwa upole na macho yake yalitoka machozi yenyewe. Wakamrudishia nyimbo wakati sauti haikuwepo tena. Kitanda hakuna aliyekumbuka kumrudishia. Alikufa wakati wa mvua kubwa, kwa kifua, humo ghalani. Dani alimkuta alfajiri, saa ile ile ambayo zamani alikuwa akirudi nyumbani. Yeye mwenyewe aliishi muda mrefu baada ya hapo. Alinilipia karo kwa mboga zake, akacheza kwenye harusi yangu, na hakuwahi kunikumbusha ile siku ya maharagwe. Alipozeeka kabisa nilimwosha miguu. Nilikuwa na jioni nyingi za kumwambia yale maneno, na sikuwa nayo: nilikuwa nimeyatupa, kama mtoto anavyotupa ganda la muwa. Yalinirudia mwezi huu, nikiwa nimeshika mgongo wa kiti, muuguzi aliposema kwamba wengi huota wanatetea watu wao.

Siku hiyo tuliporudi nyumbani, Baba alikula kidogo, akachukua blanketi, akalitandika kwenye kochi. Mama akamuuliza anafanya nini.

"Nitalala hapa. Sitaki kukuumiza."

"Umeniumiza lini?"

"Nilikugonga mwezi uliopita. Uliniambia ni mlango wa kabati."

Mama aliingia chumbani. Muuguzi alikuwa ametuambia la kufanya: mto mrefu katikati, taa na vitu vigumu viondolewe karibu na kitanda. Mama alikuwa ameshavipanga vyote mchana. Nilimsikia akivipanga tena.

Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Nilikuwa na wajibu wa kuangalia kama mkanda umekaa sawa, nikauangalia zaidi ya ilivyohitajika.

"Wewe ulikuwa unamwangalia Mzee usiku," Baba akasema. Hatujawahi kulizungumzia, mimi na yeye, tangu siku ile aliyoupa mlango mgongo. "Yule dada wa hospitali anasema wanaota wamevamiwa. Baba yangu alikuwa anaota nini?"

"Alikuwa anaongea."

"Akisema nini?"

Nilijaribu kulisema kwa Kiswahili na likakataa, nikalisema kwa lugha yetu, kama Babu alivyolisema, na sauti yangu ikapanda bila mimi kutaka. Alikuwa akisema: Mwacheni Nyaseme. Rudini nyuma, kuna mtoto amelala hapa. Mwacheni Nyaseme, nipigeni mimi.

Uso wa Baba siku hizi nao hauonyeshi mengi. Mkono ndio uliotetemeka, na taa ndogo ya mkanda ikawaka kijani, ikahesabu.

"Mama yangu alijua?"

"Hapana."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Aliyesikia ni mimi peke yangu, Baba. Waliniuliza nilichoona. Sikusema nilichosikia."

Nilingoja aseme kwamba nilikuwa mtoto. Watu wote husema hivyo, na mimi mwenyewe nimejiambia hivyo tangu siku ile hospitalini, na haijasaidia kitu. Baba hakusema. Alitazama mlango wa chumba, akatazama blanketi lililokuwa juu ya magoti yake.

"Na mimi ndiye niliyekutuma ulitoe la Mzee," akasema. "Nisaidie niinuke."

Nikamwinua, nikambebea blanketi. Tukavuka sebule kwa hatua zake ndogo ndogo hadi mlangoni. Taa ilikuwa imezimwa, na Mama alikuwa amesogea upande wa ukutani, mto mrefu katikati.

"Umekuja?" Mama akauliza gizani.

"Nimekuja."

Nikampa Baba blanketi lake. Kisha nikatoka na kuufunga mlango, kwa maana usiku huo mkanda ndio ungeangalia, na mimi nilikuwa nimeangalia vya kutosha.